Kwa nini Conservative na Labour walikosa mwafaka wa kuondoka Umoja wa Ulaya

Swali: "Shikamoo Mwalimu. Mimi ni wakala wa forodha hapa Namanga, na habari za Uingereza kujitoa Umoja wa Ulaya nilizifuatilia kwa karibu kwa sababu ziligusa mambo ya kazi yangu. Jambo moja sijalielewa hadi leo. Mwaka 2017 vyama vyote viwili vikubwa viliahidi kuyaheshimu matokeo ya kura ya maoni. Mwaka 2019 vikakaa meza moja kwa wiki sita vikizungumzia umoja wa forodha, kisha vikainuka mikono mitupu. Kama wote walikubali kutoka, na kilichobaki ni masuala ya ushuru, kilichowashinda ni nini? Na kama wangeafikiana, Uingereza ingekuwa wapi leo?"

Marahaba, ndugu yangu. Nitajibu kwa kirefu, kwa sababu majibu mafupi yaliyozoeleka, kwamba Theresa May, Waziri Mkuu wa Conservative, alikuwa mkaidi au kwamba Jeremy Corbyn, kiongozi wa Labour, alikuwa kigeugeu, yanaeleza tabia za watu wawili na kuyaacha mazingira yaliyowabana wote wawili. Ukiyapitia masharti waliyowekeana mezani Aprili na Mei 2019, utaona kwamba umbali kati yao ulikuwa mdogo kuliko kelele zilizosikika nje ya chumba. Tatizo lilikuwa kwamba hakuna kati yao aliyekuwa na uhakika wa kuzileta bungeni kura za chama chake mwenyewe, na hakuna aliyeweza kumhakikishia mwenzake kwamba makubaliano yangedumu baada ya yeye kuondoka madarakani. Walikuwa wakiuziana mali ambayo haikuwa mikononi mwao.

Ili hilo lieleweke, lazima turudi nyuma kidogo. Kura ya maoni ya tarehe 23 Juni 2016 iliuliza swali moja tu, kubaki au kuondoka, na asilimia 51.9 ya waliopiga kura walichagua kuondoka. Karatasi ya kura haikusema lolote kuhusu umoja wa forodha, soko la pamoja (yaani viwango vya pamoja na uhuru wa watu na bidhaa kuvuka mipaka) wala mpaka wa Ireland, kwa hiyo kila mwanasiasa alibaki huru kudai kwamba kuondoka kwa namna aipendayo yeye ndiko wananchi walikokutaka. May, aliyemrithi David Cameron mwezi Julai mwaka huo, aliijaza nafasi hiyo kwa tafsiri yake. Katika hotuba aliyoitoa Lancaster House, London, Januari 2017, alitangaza kwamba Uingereza ingetoka kwenye soko la pamoja na isingebaki mwanachama kamili wa umoja wa forodha. Tarehe 29 Machi alipeleka Brussels barua ya kujitoa chini ya Ibara ya 50 ya mkataba wa Umoja wa Ulaya, na kuanzia siku hiyo miaka miwili ya majadiliano ikaanza kuhesabiwa. Kisha, akitafuta wingi mkubwa zaidi wa viti, aliitisha uchaguzi wa mapema tarehe 8 Juni, na wapiga kura wakampa viti 317 badala ya 330 ambavyo chama chake kilikuwa kimevipata mwaka 2015. Wingi ukatoweka, na ili aendelee kutawala akalazimika kutegemea wabunge 10 wa DUP, chama cha Waprotestanti wa Ireland Kaskazini wanaotaka kubaki chini ya Uingereza.

Kwa maoni yangu, mwafaka ulipaswa kutafutwa wakati ule. Serikali isiyo na wingi wa viti, inayotaka kutekeleza jambo litakalovigusa vizazi, ilikuwa na kila sababu ya kumwendea kiongozi wa upinzani katikati ya mwaka 2017, ikiwa bado na miezi 21 mkononi na kabla haijaahidi mengi mno kwa watu wake. May alimwendea Corbyn Aprili 2019, baada ya tarehe ya kuondoka kupita na baada ya njia nyingine zote kuzibwa. Mwombaji anayefika saa hiyo humkuta mwenye nyumba akijiuliza kama kumsaidia kuna faida gani kwake.

Niseme pia kwamba "wote walikubali kutoka" ni kauli ya kweli yenye upungufu. Ilani ya Labour ya mwaka 2017 iliyakubali matokeo ya kura ya maoni, lakini ilisisitiza kuhifadhi manufaa ya soko la pamoja na ya umoja wa forodha, na ilikataa kabisa wazo la kuondoka bila mkataba. Ilani ya Conservative ilitamka waziwazi kwamba nchi itatoka katika vyote viwili. Neno lilikuwa moja, na nchi mbili tofauti zilikuwa zimefichwa ndani yake.

Sasa tuje kwenye forodha, ambayo wewe unaijua kuliko wengi wa wabunge wa Westminster waliokuwa wakiipigia kura. Unajua kwamba Umoja wa Forodha wa Afrika Mashariki ulioanza mwaka 2005 una sura mbili: bidhaa zinazotoka ndani ya Jumuiya hazitozwi ushuru zikivuka mipaka yetu, na bidhaa zinazotoka nje hutozwa ushuru wa pamoja, iwe zimeshukia Mombasa au Dar es Salaam. Gharama yake ni kwamba nchi moja haiwezi kwa wepesi kwenda peke yake kupunguziana ushuru na taifa la nje, na Kenya ilipotia saini mkataba wa ubia wa kiuchumi na Uingereza Desemba 2020 bila wenzake, mjadala huo tuliuona hapa kwetu. Unajua vilevile kwamba umoja wa forodha peke yake hauliondoi lori kwenye foleni. Cheti cha uasili, kinachoonyesha bidhaa imetoka nchi gani, bado kinadaiwa, viwango bado vinakaguliwa, na Machi 2021 Kenya ilipozuia mahindi ya Tanzania na Uganda kwa hoja ya sumukuvu, hapakuwa na shilingi ya ushuru iliyogombaniwa. Ugomvi ulikuwa wa viwango vya usalama wa chakula, na hayo ni mambo ya soko la pamoja.

Tofauti hiyo ndiyo iliyokuwa ikipotea katika mijadala ya London. Umoja wa forodha wa kudumu na Ulaya, ambao Labour iliutaka, ungeondoa ushuru na masuala ya uasili wa bidhaa katika bandari ya Dover, jambo lililokuwa muhimu mno kwa viwanda vya magari ambavyo vipuri vyake huvuka bahari mara kadhaa kabla ya gari kukamilika. Haungeleta uhuru wa watu kuhamia na kufanya kazi, na kwa Labour hiyo ilikuwa nafuu, maana wapiga kura wake wengi wa miji ya viwanda hawakuutaka uhuru huo. Lakini ungeinyima Uingereza uwezo wa kujiamulia ushuru wake na Marekani, Australia au India, na kwa wahafidhina, yaani watu wa Conservative, waliopigania kuondoka, uwezo huo ndio uliokuwa moyo wa safari nzima. Waliwaambia wapiga kura kwamba nchi yao itafanya biashara na dunia kwa masharti yake yenyewe. Kurudi kwao wakiwa na sera ya ushuru inayoamuliwa Brussels, mahali ambapo hawana tena kiti, kungeonekana kuwa hasara kuliko kubaki mwanachama.

Kinachoshangaza ni kwamba May mwenyewe alikuwa tayari ameuingiza umoja wa forodha katika mkataba wake. Mpaka kati ya Ireland Kaskazini na Jamhuri ya Ireland una urefu wa takriban kilomita 500, na tangu Mkataba wa Ijumaa Kuu wa Aprili 1998 kuyamaliza machafuko ya miongo mitatu, hakuna aliyetaka kuona tena vituo vya ukaguzi juu yake. Kwa hiyo mkataba wa kujitoa uliokamilika Novemba 2018 uliweka kifungu cha tahadhari: kama njia nyingine ya kuuacha mpaka huo wazi isingepatikana, Uingereza nzima ingebaki katika eneo moja la forodha na Umoja wa Ulaya hadi njia hiyo ipatikane. Wahafidhina wenye msimamo mkali walikiona kifungu hicho kuwa mtego usio na mlango wa kutokea. DUP walikikataa kwa sababu kiliiwekea Ireland Kaskazini kanuni za ziada za bidhaa ambazo sehemu nyingine za Uingereza zisingekuwa nazo. Labour, kwa upande wao, walisema hakikuwa umoja wa forodha wa kutosha. Hivyo mkataba huohuo mmoja ukashambuliwa kwa kuwa na forodha nyingi mno na kwa kuwa na forodha kidogo mno, na tarehe 15 Januari 2019 ukaanguka kwa kura 432 dhidi ya 202. Hakuna serikali katika historia ya kisasa ya Bunge hilo iliyowahi kushindwa kwa tofauti kubwa kiasi hicho. Kesho yake Corbyn alipeleka hoja ya kutokuwa na imani na serikali, nayo ikashindwa kwa kura 325 dhidi ya 306, kwa sababu wale wale waliouchana mkataba wa kiongozi wao walirudi kumlinda ili Labour isiingie madarakani. Tarehe 12 Machi mkataba ulirudishwa na kuanguka kwa kura 391 dhidi ya 242, na tarehe 29 Machi, siku ambayo nchi ilipaswa kuwa imeondoka, ukaanguka kwa mara ya tatu, 344 dhidi ya 286.

Ukitaka kuielewa hali ya Bunge lile, tazama zaidi kura zilizopigwa katikati ya hizo. Wabunge, wakiongozwa na Oliver Letwin wa Conservative, waliichukua ratiba ya Bunge kutoka mikononi mwa serikali ili wapime wenyewe ni chaguo gani lingeungwa mkono na wengi. Tarehe 27 Machi walipewa machaguo manane wayapigie kura kila moja kwa ndiyo au hapana, na yote manane yakakataliwa. Tarehe 1 Aprili wakarudia na manne, yakakataliwa tena. Hoja ya Kenneth Clarke wa Conservative ya umoja wa forodha wa kudumu ilishindwa kwa kura 276 dhidi ya 273. Fikiri juu ya idadi hiyo: kura tatu. Mawaziri wa baraza walikuwa wameelekezwa wasipige kura kabisa. Wabunge wengi wa chama cha SNP cha Scotland, ambao nchi yao ilikuwa imechagua kubaki kwa asilimia 62, walijizuia. Kundi dogo la wabunge waliokuwa wamejitenga na vyama vyao Februari ili kupigania kura ya maoni ya pili likaipinga hoja ya Clarke, ingawa hakuna hata mmoja kati yao aliyeamini kwamba kuondoka bila umoja wa forodha ni bora kuliko kuondoka nao.

Waliipinga kwa sababu walidhani kwamba, ikiwa njia za kati zitakufa, Bunge lingelazimika hatimaye kuwarudishia wananchi uamuzi. Wakati huohuo wahafidhina wenye msimamo mkali walizipinga njia za kati kwa hesabu ileile iliyogeuzwa: zikifa, nchi ingeondoka bila mkataba. Kila kambi ilikuwa na chaguo lake la kwanza ambalo halikuwa na wingi, na ililikataa chaguo lake la pili kwa tumaini kwamba kusubiri kidogo kungelileta la kwanza. Kambi hizo zisingeweza zote kuwa na hesabu sahihi, lakini kila moja, ikitazamwa peke yake, haikuwa ikifanya ujinga. Nick Boles, mhafidhina aliyekuwa amependekeza Uingereza ibaki katika soko la pamoja kwa mfano wa Norway, alisimama baada ya matokeo kutangazwa usiku ule, akasema kwamba ameshindwa kwa sababu chama chake hakitaki mwafaka, na akatangaza palepale kwamba anakihama.

Siku iliyofuata, baada ya kikao cha baraza la mawaziri kilichochukua muda wa saa saba, May akamwalika Corbyn. Mazungumzo yakaanza tarehe 3 Aprili. Upande wa serikali uliongozwa na David Lidington, aliyekuwa kwa vitendo msaidizi wa Waziri Mkuu, na upande wa Labour ulikuwa na mawaziri vivuli, yaani wasemaji wa upinzani, kama John McDonnell, Keir Starmer na Rebecca Long-Bailey. Labour ilikuwa imekwisha kuyaandika madai yake katika barua ya mwezi Februari, na kiini chake kilikuwa umoja wa forodha wa kudumu kwa nchi nzima, ukaribu na soko la pamoja, na kwamba haki za wafanyakazi na hifadhi ya mazingira Uingereza zisibaki nyuma ya zile za Ulaya. Juu ya haki za wafanyakazi na mazingira pande mbili zilisogeleana mapema. Juu ya forodha serikali ilikuwa tayari kutoa "manufaa" ya umoja wa forodha bila kulitaja jina lake, na baadaye, katika hotuba ya tarehe 21 Mei, May alikubali hata Bunge lipewe nafasi ya kuchagua umoja wa forodha wa muda kwa bidhaa. Wataalamu wenye nia wangeweza kuliandika fungu la maneno linalounganisha misimamo hiyo kwa siku moja.

Lakini nani angelipigia kura? Tuanze na Labour. Wengi wa waliokipigia kura chama hicho walikuwa wametaka kubaki Ulaya, huku majimbo mengi yaliyoshikiliwa na wabunge wake yakiwa yamechagua kuondoka. Hilo linawezekana kwa sababu wafuasi wake walirundikana katika miji mikubwa. Islington, eneo la London ambalo ndani yake lipo jimbo la Corbyn, lilichagua kubaki kwa asilimia 75, na Stoke-on-Trent, mji wa viwanda vya vyombo vya udongo uliokuwa ngome ya Labour kwa miongo mingi, ulichagua kuondoka kwa asilimia 69. Corbyn mwenyewe alikuwa ameipigia kura ya hapana Jumuiya ya Ulaya mwaka 1975, na wengi walishuku kwamba moyoni hakuwa amebadilika sana, wakati naibu wake Tom Watson na Starmer waliisukuma kura ya maoni ya pili. Katikati ya Mei Starmer alitamka hadharani kwamba wabunge wa Labour wapatao 120, pengine hata 150, wasingeuunga mkono mkataba wowote ambao haurudishwi kwa wananchi kuthibitishwa. Labour ilikuwa na wabunge wasiofikia 250 wakati huo. Kwa maneno mengine, hata kama Corbyn angepeana mkono na May kwa moyo mkunjufu, karibu nusu ya jeshi lake, pengine hata zaidi, lisingemfuata.

Upande wa pili haukuwa na nafuu. Desemba 2018 wabunge 117 wa Conservative walikuwa wamepiga kura ya kutokuwa na imani na May dhidi ya 200 waliomuunga mkono, na wengi wa hao 117 waliuona umoja wa forodha kuwa usaliti. Mawaziri wadogo walianza kujiuzulu siku ileile mazungumzo yalipoanza. Mwezi Mei mawaziri wa zamani, miongoni mwao Boris Johnson na Dominic Raab, pamoja na Graham Brady aliyekuwa mwenyekiti wa kamati ya wabunge wasio na vyeo serikalini, walimwandikia May wakimwonya asikubali umoja wa forodha, na wakaongeza hoja iliyowagusa Labour kuliko ilivyomgusa yeye: kiongozi wa leo hawezi kumfunga atakayemrithi.

Hoja hiyo ilikuwa sahihi kisheria na kisiasa, na ndiyo iliyoyaua mazungumzo kuliko kitu kingine chochote. Mkataba wa kujitoa ulihusu namna ya kuondoka: malipo, haki za raia, kipindi cha mpito na mpaka wa Ireland. Uhusiano wa baadaye, ambamo forodha ilikuwa sura kuu, uliwekwa katika tamko la kisiasa lisilo na nguvu ya sheria, na mkataba wenyewe juu yake ungejadiliwa baada ya nchi kutoka. Umoja wa Ulaya ulikataa kuufungua upya mkataba wa kujitoa, ukaruhusu tamko tu lirekebishwe. Kwa hiyo kila ambacho Labour ilikuwa ikikidai kilikuwa cha baadaye, na aliyekuwa akikiahidi alikuwa amekwisha kuwaambia wabunge wake, tarehe 27 Machi, kwamba atajiuzulu mkataba ukipita. Labour ilitakiwa itoe kura zake leo, hadharani, kwa ahadi itakayotekelezwa na mtu mwingine, na mtu aliyetajwa zaidi kuwa mrithi alikuwa Johnson. May alisema ahadi hizo zingeandikwa katika sheria, lakini katika katiba isiyoandikwa ya Waingereza Bunge haliwezi kulifunga Bunge litakalofuata. Sheria ya mwaka huu hufutwa mwaka ujao kwa wingi wa kura moja.

Halafu kuna kumbukumbu ya vyama, ambayo wachambuzi wa nje huisahau. Mwaka 1846 Robert Peel, Waziri Mkuu wa Conservative, alifuta sheria zilizotoza ushuru nafaka kutoka nje kwa kutegemea kura za wapinzani wake huku wengi wa wabunge wake wakimpinga; chama kikapasuka, na hakikupata tena wingi wa viti kwa karibu miaka 30. Ushuru, tena. Mwaka 1931 Ramsay MacDonald wa Labour alijiunga na wahafidhina katika serikali ya kitaifa, akafukuzwa na chama chake, na katika uchaguzi uliofuata Labour ilibaki na viti 52. Hadi leo jina lake ndani ya chama hicho hutajwa kama onyo. Na kumbukumbu ya karibu zaidi ilikuwa ya Liberal Democrats, waliotawala pamoja na Conservative kuanzia 2010 na mwaka 2015 wakaporomoka kutoka viti 57 hadi 8. Corbyn hakuhitaji kuelezwa mgawanyo wa lawama unavyokwenda.

Nadhani wakosoaji wanakosea wanaposema kwamba Waingereza hawajui kabisa kufanya kazi kuvuka mipaka ya vyama. Walijiunga na Jumuiya ya Ulaya kwa njia hiyo hasa. Oktoba 1971 Bunge liliidhinisha kanuni ya kujiunga kwa kura 356 dhidi ya 244, na wabunge 69 wa Labour, wakiongozwa na Roy Jenkins, waliiunga mkono serikali ya Edward Heath kinyume cha amri ya chama chao, wakati wahafidhina 39 waliipinga. Hakukuwa na mazungumzo ya viongozi wala tamko la pamoja. Heath aliwaachia wabunge wake uhuru wa kupiga kura, na waasi wa upande wa pili wakafuata dhamiri zao. Mafanikio yalipatikana kwa kuwapita viongozi pembeni, na ndiyo maana naiona kura ile ya hoja ya Clarke, iliyoshindwa kwa tofauti ya kura tatu, kuwa nafasi halisi iliyopotea kuliko wiki sita za mazungumzo. Mawaziri wangeachiwa huru usiku ule, hoja ya Clarke ingeweza kupita.

Mwisho wa mazungumzo nitaupitia haraka. Umoja wa Ulaya ulikuwa umeongeza muda hadi 31 Oktoba, na nyongeza hiyo ikaondoa shinikizo lililobaki. Tarehe 2 Mei Conservative ilipoteza zaidi ya viti 1,300 katika serikali za mitaa, na Labour nayo, ambayo kama chama cha upinzani ilipaswa kuvuna, ikapoteza viti. Kila chama kilitafsiri adhabu hiyo kuwa amri ya kurudi kwenye msimamo wake. Tarehe 17 Mei Corbyn aliandika kwamba mazungumzo yamefika yanapoweza kufika, akitaja udhaifu wa serikali. Siku saba baadaye May alitangaza kujiuzulu, na katika uchaguzi wa Bunge la Ulaya wa wiki hiyohiyo chama chake kiliambulia chini ya asilimia 9 ya kura.

Kuhusu swali lako la pili, nitasema ninachoamini, nawe upime. Mwafaka wa Mei 2019, kama ungepita, ungeiacha Uingereza katika umoja wa forodha wa aina fulani, bila ushuru na bila vyeti vya uasili kati yake na Ulaya, huku ukaguzi wa vyakula na mifugo ukibaki kwa kiasi ambacho kingetegemea makubaliano ya viwango. Sehemu kubwa ya mgogoro uliofuata juu ya bidhaa zinazovuka Bahari ya Ireland isingekuwapo. Lakini sidhani kwamba ungedumu. Johnson, au yeyote mwenye msimamo wake, angeshinda uongozi wa Conservative hata hivyo, na angejadili uhusiano wa baadaye kwa masharti yake.

Kilichotokea kweli ni kwamba aliuchukua mkataba wa May, akaondoa kile kifungu cha forodha ya nchi nzima, na akaweka ukaguzi kati ya Uingereza bara na Ireland Kaskazini, yaani jambo ambalo DUP walikuwa wameuangusha mkataba wa kwanza wakilikimbia. Desemba 2019 alishinda viti 365; Labour ikabaki na 202, idadi ndogo kuliko yoyote tangu 1935, ikiwa imepoteza hata ngome zake za zamani za Bolsover na Sedgefield. Nchi ikaondoka tarehe 31 Januari 2020. Mkataba wa biashara ulipofika bungeni tarehe 30 Desemba mwaka huo, ukiwa hauna umoja wa forodha wa aina yoyote, ulipita kwa kura 521 dhidi ya 73, na Labour iliuunga mkono chini ya kiongozi wake mpya, Starmer, aliyekuwa mmoja wa wajumbe mezani Aprili 2019. Ilani aliyoshinda nayo mwaka 2024 ilisema kwamba Uingereza haitarudi katika umoja wa forodha.

Kwa kazi yako, ndugu yangu, matokeo yake unayashika kila siku. Zamani mzigo wa Afrika Mashariki uliotimiza masharti ya Ulaya ulitimiza pia ya Uingereza, na ungeweza kushushwa Rotterdam na kusafirishwa hadi London bila forodha ya pili. Sasa ni himaya mbili. Mzigo wa Tanzania unaingia Uingereza chini ya mpango wao wa upendeleo kwa nchi zinazoendelea ulioanza Juni 2023, na ule wa Kenya chini ya mkataba wa 2020, wakati kwa Ulaya kila nchi ina utaratibu wake mwingine. Mteja wako anayepeleka parachichi au maua sehemu zote mbili mwandalie hati mbili tofauti za uasili kabla lori halijafika getini.